Tumemuaga mwenzetu hewani Ijumaa. Kwa nini simu zilinyamaza nusu saa ya mwisho?

#1 Kiti cha Pili (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina jambo nimelala nalo siku mbili. Ijumaa tulimuaga mwenzangu hewani. Kipindi chetu ni cha muziki wa Tanga: dansi la bendi za Atomic na Jamhuri, taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na vijana wa sasa wa hapa hapa wakileta kazi nzuri. Saa tatu mpaka saa tano usiku, kila Ijumaa. Yeye amekaa kwenye kile kiti miaka 21, mimi pembeni yake miaka 6. Anahamia kwa binti yake Mwanza. Macho hayamruhusu tena kusoma karatasi kwenye ile taa ya studio.

Laini tulifungua saa tatu na nusu. Simu yetu ina taa nyekundu, haizidi punje ya hindi, na usiku ule haikupumzika. Nikimaliza na huyu, inawaka kwa mwingine. Niliandika kwenye daftari: simu 43 hadi saa nne na nusu. Ijumaa ya kawaida tukipata 15 tunashukuru Mungu. Mama wa Muheza alishindwa kuongea akampa mjukuu simu. Dereva wa lori aliegesha Segera ili aongee vizuri.

Saa 4:34 mwenzangu akatoa bahasha mfukoni. Ndani kulikuwa na kadi ya salamu, zile tulizokuwa tunanunua dukani, unaijaza majina na kuitia posta. Ilifika mwaka wa kwanza wa kipindi, ina majina 22, na siku ile alisoma 10 tu muda ukaisha. Ameitunza miaka yote hiyo. Akaisogeza mpaka karibu iguse pua, akayasoma yote 22, taratibu, jina na mtaa. Kisha akaweka Atomic kutoka kwenye kanda, akaacha wimbo uende mpaka kwenye chemko, ile nusu ya pili inayochangamka, na chemko hadi tone la mwisho. Zikafuata nyimbo mbili nyingine. Hakusema neno tena mpaka taarifa ya habari ya saa tano.

Tangu alipoanza kusoma ile kadi, taa haikuwaka hata mara moja. Dakika 26. Namba nimeitaja hewani mara mbili, laini iko wazi, kimya.

Yeye alivaa koti lake, akaiangalia ile simu, akaniuliza, "Wamelala?" Sikuwa na la kumjibu. Basi wale mliokuwa mnasikiliza, nini kilitokea?

#2 Chumbageni Juu

Pole na hongera mkuu. Hilo ni suala la mtandao. Watu wote hao wanapiga namba moja kwa saa nzima, wengine wanapata mteja hapatikani. Mtu akijaribu mara tano anaweka simu chini. Wewe umehesabu 43 waliopita, waliokosa huwajui.

#3 Mama Mabawa

Mwanangu, mimi nilikuwa nasikiliza na mume wangu hapa barazani. Nilishapiga saa nne kasoro, nadhani jina langu limo kwenye hilo daftari lako. Alipoanza kusoma kadi mume wangu alinishika mkono akasema tulia. Mtu anayeaga hakatizwi. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akisimama mlangoni anasema lake la mwisho, nyinyi mnasikiliza mpaka avae viatu. Ungempigia simu wakati ule, ungemwambia nini?

Mwambie hatukulala.

#4 Fundi wa Minara

Wadau, kabla hatujafika kwenye mila, tuanze na kifaa. Simu za studio zinapita kwenye kile kisanduku kinachounganisha laini na miksa. Kikipata joto kinaganda. Kwa anayepiga inaita kama kawaida, kwenu hakuna taa wala mlio. Nimeshakutana nacho zaidi ya mara moja, hasa kikifanya kazi saa nzima bila kupumzika. Simu 43 mfululizo ni nyingi kwa kifaa kilichozoea 15. Mleta uzi, mlikizima na kukiwasha?

#5 Kiti cha Pili

Asanteni wote. Mama, nimeangalia daftari, upo, wa 19. Shikamoo.

@Fundi wa Minara, nilijipigia. Saa 4:48 wimbo wa pili ukiwa hewani nilichukua simu yangu ya mkononi nikapiga namba ya studio. Taa ikawaka. Nikakata. Ndiyo maana kisanduku nimekitoa kwenye hesabu.

#6 Fundi wa Minara

Simu yako na laini ya studio ni mtandao mmoja?

#7 Kiti cha Pili

Ndiyo.

#8 Fundi wa Minara

Basi hujathibitisha kitu, mkuu wangu. Mtandao wako unaweza kuwa mzima, njia ya kuingilia kutoka mitandao mingine ikawa imeziba. Jibu la Chumbageni kwenye #2 bado liko hai. Fungua rekodi ya simu zilizopita uone: wale 43, wa mitandao mingine walikuwa wangapi, na wa mwisho aliingia saa ngapi?

#9 Dogo wa Usagara

Wakubwa mnazunguka sana. Hizo ni dakika za kupiga simu zimeisha. Watu wamejiunga kifurushi cha jioni, wameongea na mzee, kimekata. Saa nne na nusu usiku nani anakwenda kugonga dirisha la wakala? Hapa Makorora vibanda vinafungwa saa tatu na nusu.

#10 Bweni Mashariki

Mimi niko ng'ambo ya mto, Pangani. Nilimsikia vizuri mpaka jina la sita au la saba hivi, kisha redio ikaanza kukoroma. Nikageuza antena, nikapanda nayo juu ya kiti, ikawa inakuja inakwenda. Chemko nililisikia nusu. Hivyo kwa huku kwetu sababu ni mawimbi. Hatukupiga kwa sababu tulikuwa tunahangaika na antena.

#11 Msambaa Kindakindaki

Ajabu, maana Lushoto ilikuwa inasikika kama yuko sebuleni. Na kwa kawaida ni sisi tunaolalamika. FM inakwenda kwa kuonana, mnara na redio yako vionane, mlima ukikaa katikati umekwisha. Kijiji cha mbele ya mlima kinapata, cha nyuma yake hakipati, hata kama ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Huku kwangu niko upande unaotazama bahari.

Kwa hiyo @Bweni Mashariki, kama mnara ungeshuka nguvu, sisi wa mbali ndio tungepotea kwanza. Labda betri zako.

#12 Bweni Mashariki

Betri mpya za Alhamisi!

#13 Msondo Damu

Niko Dar, nimesikiliza kwa intaneti. Nataka kumshukuru huyo mzee kwa jambo moja. Yeye ndiye mtangazaji pekee ninayemjua asiyekata wimbo kabla ya chemko. Wimbo wa dansi una nusu mbili. Ya kwanza mnasimuliwa kisa, mwimbaji anatulia, gitaa zinasindikiza. Ya pili ndiyo chemko: gitaa zinapandana, tarumbeta zinajibizana, waimbaji wanabaki na kiitikio. Watangazaji wa siku hizi kisa kikiisha wanaingiza tangazo la dawa ya meno. Ni kama kupika wali halafu unakula maji.

Na hilo limeanzia kwenye santuri. Zile ndogo zilikuwa hazibebi wimbo mzima, wanaukata, sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili ukigeuza. Viwanda vya Dar ndivyo vilivyoleta tabia hiyo.

#14 Barabara ya 12

Mkuu #13 umenena vizuri, ila mwisho hapo umeteleza. Dar hapakuwa na kiwanda kilichokuwa kinafyatua santuri za bendi zetu. Zilifyatuliwa Nairobi. Hapa nyumbani bendi zilirekodiwa Radio Tanzania, kwenye kanda, na kanda haikuwa na shida ya kugeuza, wimbo unakwenda dakika saba au nane bila wasiwasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, ndipo kanda za redio zikawa kila kitu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka ile ukizikuta nzima, umezikuta redioni.

Kwa hiyo mzee kucheza kutoka kwenye kanda si mbwembwe. Chemko limo humo.

#15 Msondo Damu

Nimekubali, nimejifunza. Asante.

#16 Mwana Jamhuri

Mimi nina malalamiko mengine kabisa. Kwa nini Atomic? Miaka 21 anatuambia hana upande, usiku wa mwisho anafunga na Kiweke, mtindo wao Atomic! Sisi wa Jamhuri tulinyamaza kwa kununa. Hilo ndilo jibu lako mleta uzi. Nusu ya Ngamiani ilikuwa imenuna.

#17 Barabara ya 12

Hahaha, mzee wangu, bendi zenyewe zimeshapumzika na nyinyi bado mmeshika kamba!

Marehemu baba alikuwa Atomic, mama Jamhuri. Jumamosi hakuna aliyemsubiri mwenzake, kila mtu na ukumbi wake, wanakutana usiku wa manane kwenye kahawa.

#18 Githurai Sawa

Hamjambo majirani. Naona mnazungumzia Jamhuri Jazz. Huku Nairobi tunampenda sana Simba Wanyika, bendi yetu ya Kenya iliyoimba Kiswahili safi. Kwani ana uhusiano na Tanga?

#19 Mwana Jamhuri

Ndugu yangu karibu, kaa hapa. Hao ni watoto wa Tanga. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walianzia hapa hapa, ndani ya Jamhuri Jazz, miaka ya 60. Wakapanda Arusha, wakapiga na Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenu mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika. Ukisikiliza lile gitaa la pili linavyotembea bila kuchoka, hilo ni Tanga. Nyinyi mliwapa studio na mashabiki, na kwa hilo tunawashukuru.

#20 Githurai Sawa

Ahsante mzee kwa elimu. Na Les Wanyika wakatoka humo miaka ya 80?

#21 Mwana Jamhuri

1978. Waligawana, wengine wakabaki na akina Kinyonga.

#22 Mswahili wa Muscat

Salamu kutoka Muscat. Nyumba nzima tulikuwa tumekaa, dada zangu na mama, spika ndogo tumeiweka katikati ya sinia la kahawa. Mama yangu alikulia Ngamiani kabla hajaolewa huku, na alipokuwa msichana alikuwa akimfuata mwimbaji Shakila kila harusi waliyopiga Black Star. Hakosi Ijumaa.

Kwenye intaneti sauti inatufikia karibu dakika nzima baadaye. Nikipiga wakati nasikia "laini ziko wazi", kwenu mmeshaingia kwenye wimbo. Halafu saa zetu ziko mbele saa moja, nyinyi saa nne na nusu, sisi tano na nusu, na mama anaamka alfajiri. Alitaka kupiga, akasema nitapigia wimbo ukiisha. Wimbo ulipoisha ulianza mwingine.

#23 Mtumwa wa Karafuu

Pemba tupo. Nyinyi mnasumbuka na milima, sisi baharini hakuna kizuizi, Tanga twaipata safi kuliko baadhi yenu wa bara. Sababu mimi naijua. Kabla ya kusoma kadi alisema kwaherini. Mtu keshasema kwaherini, utampigia ya nini? Tulijua yamekwisha, zinazokuja ni nyimbo za kusindikiza habari.

#24 Kiti cha Pili

Nimefungua rekodi ya kipindi, nimeisikiliza mara tatu asubuhi ya leo. Hakusema kwaherini. Amesema hivi: "Hii kadi ina deni langu. Nalilipa leo, tukijaaliwa." Basi. Neno kwaheri halimo kipindi kizima, nami nimelishangaa.

@Fundi wa Minara, rekodi ya simu: kati ya 43, mitandao mingine ni 17. Wa mwisho wa mtandao mwingine aliingia saa 4:22. Kuanzia hapo hadi 4:30 ni mtandao wetu tu, simu tano.

#25 Fundi wa Minara

Umeona? Saa 4:22.

#26 Mama Mabawa

Mwanangu Fundi, na hao wa mtandao wenu walionyamaza baada ya 4:34 je? Nao njia iliziba?

#27 Maiki ya Zamani

Niruhusuni niseme la pembeni kidogo. Nimetangaza miaka 11 kwenye kituo kimoja cha mkoani, si Tanga, sitakitaja. Kipindi changu kilikuwa cha ngoma za asili na bendi za shule. Jumatatu moja nikafika nikakuta mtu mwingine kwenye kiti, naambiwa nipitie ofisini. Sikuagwa. Wasikilizaji hawakuambiwa kitu. Wiki tatu watu wakapiga kuuliza kama nimekufa. Bibi mmoja alimtuma mwanawe kwa basi na kuku mkononi, aje atoe pole kwa familia yangu. Alinikuta nyumbani nachanja kuni. Yule kijana alikaa chini, akacheka, kisha akalia.

Mpaka leo sokoni nasimamishwa: "Wewe si tulisikia umefariki?" Kwa hiyo mleta uzi, wewe unahesabu dakika 26 za kimya. Mimi nimekaa na kimya cha upande wa pili. Hongereni kwa kumpa mzee wenu ule usiku, na hongera kwa aliyesaini ruhusa.

#28 Dogo wa Usagara

Pole sana mzee. Sasa nauliza, si ajabu bosi ndiye aliyeagiza laini zifungwe mapema? Waajiri hawapendi mtangazaji apendwe kuliko kituo.

#29 Kiti cha Pili

Pole sana kaka yangu #27. Hiyo ya kuku nimeisoma mara mbili.

Dogo, hapana, hilo nalikanusha. Meneja alikuwa nyuma ya kioo tangu saa tatu mpaka tunafunga. Na laini ziko chini ya mkono wangu mimi.

#30 Korogwe Stesheni

Wadau, nimesoma uzi wote tangu jana, nilikuwa najiuliza niandike au nisiandike.

Jina la tisa kwenye ile kadi ni la baba yangu. Alikuwa kwenye kundi la watuma salamu, walikuwa 22, wanachangishana pesa ya kadi na stempu, kila mwezi mmoja wao anaandika. Kuna wa Korogwe, Muheza, Maramba, na mmoja Mombasa. Baba amefariki mwaka wa nane sasa. Tulikuwa tunakula, redio iko dirishani, mara tunasikia jina lake na mtaa wake, likisomwa na sauti ile ile iliyokuwa ikimsoma akiwa hai. Mama aliacha tonge mkononi. Hakuna aliyegusa chakula mpaka saa tano.

Nilimpigia kesho yake mzee mwingine wa kundi, yule wa Maramba. Kaniambia kati ya wale 22 waliobaki ni watano, yeye akiwemo. Na watano wale wote walikuwa wanasikiliza. Akasema, "Tulikuwa tunaitikia moyoni kila jina, kama kwenye hitima." Mimi nadhani kila nyumba iliyojua jina hata moja ilinyamaza.

#31 Mama Mabawa

Innalillahi. Sasa nimeelewa kwa nini mume wangu alinishika mkono. La kumi na nne ni kaka yake. Hakuniambia, nimemuuliza sasa hivi.

#32 Kiti cha Pili

@Korogwe Stesheni nashindwa kuandika vizuri. Sikujua. Nimempigia mwenzangu Mwanza nikamsomea ulichoandika. Kakaa kimya kidogo, kisha akasema alijua kuhusu wawili tu. Wengine wote aliwasoma akidhani wapo.

Ameomba namba ya mzee wa Maramba. Nitumie kwa ujumbe wa faragha tafadhali.

#33 Msambaa Kindakindaki

Mimi hilo nalikubali kwa Korogwe na Maramba. Lakini Lushoto hatukuwa na mtu kwenye kadi, na sisi pia hatukupiga. Jirani yangu hujaribu kila Ijumaa, nimemuuliza kwa nini ile hakupiga. Amejibu alikuwa anasubiri waambiwe laini ziko wazi.

#34 Kiti cha Pili

Nilitangaza mara mbili.

#35 Msambaa Kindakindaki

Anasema alisikia mara moja, tena juu ya gitaa.

#36 Mwana Jamhuri

Nimesoma #30. Yale ya Atomic niliyoandika #16 nayafuta. Mzee acheze anachotaka.

#37 Mgeni wa Mikanjuni (posti ya kwanza)

Hodi humu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nimetumiwa kwenye kundi la familia.

Mimi nilipiga. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na moja, nimeangalia kwenye simu yangu, ipo. Iliita mpaka ikakata. Nikarudia, ikaita mpaka ikakata. Nilitaka kumwambia mzee kwamba mwaka aliponisoma salamu za harusi yangu alikosea jina la mke wangu, na mpaka leo nyumbani tunamwita kwa lile jina alilokosea.

#38 Fundi wa Minara

Mtandao gani, mkuu?

#39 Mgeni wa Mikanjuni

Ule ule wa studio.

#40 Kiti cha Pili

Saa 4:41 nilikuwa nimekaa, mkono uko sentimita chache kutoka kwenye ile taa. Haikuwaka.

Ijumaa piga tena, saa tatu na nusu. Nitakuunganisha naye kutoka Mwanza. Jina la mke wako, lile la makosa, liandike hapa ili nilitie kwenye karatasi.